Hewa Inayotoka

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha alfajiri. Nimetuma habari redioni: maji yamejaa njia ya Wiyoni, punda wawili wameteleza, hakuna aliyeumia. Kaka yangu Hamdun anakohoa. Kila masika anakohoa.

Jumatano, 30 Aprili

Hamdun amefunga karakana yake ya kuchongea milango kabla ya adhuhuri. Nilipita kumjulia hali nikamkuta ameshika kizingiti cha mlango alioutolea jasho la miaka miwili, maana ameuchonga, akaufuta, akauchonga tena.

"Wambaje, kaka?"

"Njema. Alhamdulillah." Mkono kifuani, kama kawaida yake.

Nikangoja. Hapa Amu ukimuuliza mtu hali, jibu la kwanza ni la Mungu. La pili ndilo la mtu. Nimefanya kazi ya habari zaidi ya miaka thelathini na nusu ya kazi hiyo ni kungojea jibu la pili.

"Na kifua chenyewe?" nikamuuliza.

"Kifua kimetiwa kwenye jiliwa, Hayat. Na aliyekikaza kenda zake."

Jiliwa ni kile chuma chake cha kubania mbao. Amevuta vumbi la mbao za mbambakofi na msaji tangu ujana. Aliwahi kupewa barakoa ya kuvaa kazini, akasema barakoa ni ya wezi.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua. Homa imempanda.

Jumapili, 4 Mei

Leo asubuhi Hamdun alishindwa kumaliza sentensi. Mkewe, Ummu, ndiye aliyenipigia simu. Nilipofika nilimkuta kaka ameinama, mikono juu ya magoti, midomo ina rangi ya zambarau. Vijana wa mtaani walimbeba kwenye kiti alichokichonga mwenyewe, kizito kupita yeye, mpaka ufuoni ilipokuwa tuktuk.

Hospitali ya Nuru ni ndogo, ya wakfu. Ina vitanda viwili vya wagonjwa mahututi na mashine mbili za kupumulia. Daktari wa nusukaputi ni Nerea, mwanamke wa Homa Bay aliyehamia hapa mwaka jana. Hakupoteza maneno. Ni nimonia, alisema, na imeyakuta mapafu yaliyokwisha kuchoka. Atamlaza, atampitishia mpira kooni, mashine itapumua badala yake.

"Ataamka?" Ummu aliuliza.

"Ndiyo nia yetu."

Ummu alinitazama mimi. Hakupenda jibu hilo. Mimi nililipenda: lilikuwa sahihi.

Jumanne, 6 Mei

Nimejifunza kusoma skrini. Nauandika hapa ufahamu wangu ili nisiupotoshe.

Kuna namba ya oksijeni. Hiyo hupatikana kwa kibanio cha kidoleni, na kila jamaa anayeingia huiangalia kwanza. Leo ni 97. Chini yake kuna mstari mwingine, unaotokana na mrija mwembamba uliounganishwa na mpira wa kooni. Mrija huo hunyonya pumzi kidogo kila anapotoa hewa na kupima kaboni dayoksaidi iliyomo. Kwa mtu mzima wa afya, mstari hupanda wima, hukaa bapa kama paa la nyumba ya mawe, kisha hushuka. Wa Hamdun haukai bapa. Unapanda kwa mshazari mpaka nchani, halafu unaanguka.

Famau alikuwepo. Ndiye anayemletea Hamdun mbao kutoka Pate, na ni rafiki yake tangu utotoni. Aliutazama mstari ule akauliza, "Daktari, papa huyu mumemfuga ndani ya televisheni?"

Nerea alicheka. Sikuwa nimemwona akicheka. Alisema hata kwenye vitabu vyao umbo hilo huitwa pezi la papa. Maana yake njia za hewa zimebana, pumzi inatoka kwa kusukumwa.

"Sisi tunaangalia oksijeni," nikamwambia. "Wewe waangalia nini?"

"Oksijeni ni hewa inayoingia. Hiyo naweza kumwongezea kwa kufungua valvu. Mimi naogopa hewa inayotoka. Kwa mapafu kama haya, mtu anaweza kuwa na oksijeni 97 huku hewa chafu inajaa kwenye damu, mpaka inamlevya."

Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema.

Alhamisi, 8 Mei

Hali ni ileile. Ndege haikutua uwanja wa Manda kwa sababu ya mawingu.

Jumapili, 11 Mei

Wamempunguzia dawa za usingizi. Amefungua macho. Hawezi kusema kwa sababu ya mpira, lakini anatujua. Ummu alimsomea Yasin, naye akafuata kwa kidole.

Nina lalamiko juu ya Daktari Nerea. Anaingia, anatazama skrini, anatazama mirija, anachoma sindano kwenye ateri ya mkono, anaondoka na damu. Damu hiyo ndiyo inayosema kweli kuhusu hewa chafu, anasema. Mrija ni makadirio tu, na kwa mapafu kama ya Hamdun makadirio huwa chini kuliko ukweli. Leo mrija ulisema 48, damu ikasema 63; kwa mwenye afya ni kama 40. Sawa. Lakini mgonjwa ana macho wazi na yeye hajamsalimia.

Ummu alishindwa kuvumilia. "Daktari, muulize yeye. Usiiulize mashine kila siku. Mashine haina mke."

Nikaunga mkono. Nilisema kwa upole, lakini nilisema: "Hapa kwetu, Daktari, mtu husalimiwa kwanza."

Nerea alikubali bila kubisha. Alisogea kitandani, akainama. "Mzee Hamdun, hujambo? Unajisikiaje?"

Hamdun aliinua mkono wenye mirija akauweka kifuani. Ummu akalia kwa furaha.

Baadaye, ukumbini, Nerea aliniuliza kama kuna jambo jingine anapaswa kujua kuhusu kaka yangu. Nilimtajia dawa zinazomwasha, vumbi la karakana, sigara alizoacha zamani, na kwamba hapendi maziwa.

Jumatano, 14 Mei

Jamaa wamenipa kazi ya kutuma taarifa kwenye kundi letu la simu. Wako Shela, Matondoni, Mombasa, hata Maskati. Wanataka namba moja. Watu wote hutaka namba moja. Ndiyo maana kuna vichwa vya habari. Ninawapa oksijeni, kwa sababu wanaijua tangu wakati wa korona. Leo: 97. Nimepata "Alhamdulillah" nyingi kuliko ninazoweza kuzisoma.

Nilianza kuandika na ile namba ya pili. Nikaifuta. Ingehitaji maelezo.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua mchana kutwa. Unyevu umeingia kila mahali. Mrija wa kupimia pumzi umejaa maji, mstari ukakatika. Muuguzi Taha ameubadilisha.

Jumatatu, 19 Mei

Taha ameubadilisha tena. Amebakiwa na mmoja.

Mashine ya kupimia damu nayo hutumia kadi ndogo zinazokaa kwenye ubaridi, na zimekwisha. Zilizoagizwa Mombasa zilikaa uwanjani mvua ikinyesha, ndege haikuruka, barafu ikayeyuka, zikaharibika. Nyingine zitakuja. Nerea hajui lini. Alisema hivyo hivyo, "Sijui lini," na Ummu hakuchukia safari hii. Tunaanza kumzoea.

Siku hizi humsalimia Hamdun kabla ya kutazama kitu chochote. Amejifunza hata kusema "Wambaje". Hamdun hucheka kwa mabega.

Alhamisi, 22 Mei

Kikohozi kimepungua. Homa hakuna. Leo wamemwacha apumue mwenyewe kupitia mpira kwa muda mfupi, mashine ikimsaidia kidogo tu.

"Tunamwachisha mashine," Taha alimweleza Ummu. "Kama mtoto anavyoachishwa ziwa."

"Basi ipakeni shubiri hiyo mashine," Ummu akasema. "Ataiwata mwenyewe."

Mrija wa mwisho umeziba jioni. Taha aliupuliza, akausafisha, ukafanya kazi kidogo, ukaziba tena. Mahali pa pezi la papa pana mstari mnyoofu sasa. Wameizima kengele yake maana ililia bure.

Jumamosi, 24 Mei

Ninaandika kwa mpangilio wa mambo yalivyotokea.

Asubuhi Nerea alituita mimi na Ummu ukumbini. Alisema Hamdun yuko karibu kuweza kupumua mwenyewe, lakini hana kipimo cha damu wala mrija. Angependa kungoja kadi. Kwa upande mwingine, kila siku anayokaa na mpira kooni ni siku ya hatari: jana makohozi yalibadilika rangi, na nimonia ya pili ikiingia hatatoka nayo. Akasema atamjaribu tena, kwa muda mrefu zaidi, na ataamua kwa yale atakayoyaona.

Jaribio lilikuwa la nusu saa. Mimi nilisimama miguuni mwa kitanda. Oksijeni 96. Mapigo ya moyo yalipanda kiasi. Nilimwona Hamdun akivuta mabega, lakini amekuwa akivuta mabega tangu mwaka juzi.

Nerea aliinama. "Mzee Hamdun, wambaje? Umechoka? Nikurudishie mashine?"

Hamdun alimtazama usoni, kwa adabu, kama anavyomtazama mgeni aliyekuja kuagiza mlango. Akaweka mkono kifuani.

"Uko vizuri?"

Akaubonyeza mkono palepale.

Nerea akamgeukia Taha. "Anasema yuko vizuri. Tuutoe."

Nilikuwa pale. Nilikuwa karibu kiasi cha kuweza kugusa unyayo wake.

Mpira ulitolewa. Alikohoa, akatema, na neno lake la kwanza lilikuwa "Mai." Ummu akamlowesha midomo kwa pamba. Sauti yake ilikuwa kama msasa. Famau alipoingia, Hamdun alimuuliza, "Zile mbao, umezipindua?"

"Mbao gani?"

"Zilizoko uani. Mvua hii zitapinda."

"Wewe wapinda, mbao hazina neno," Famau akasema, na Hamdun akacheka mpaka Nerea akamnyooshea kidole.

Mimi aliniambia, "Naona watafuta habari hapa."

"Hapana habari hapa, kaka."

"Bora."

Nerea alimvisha barakoa ya kubana, ile inayosukuma hewa, akasema aivae mchana kutwa. Hamdun aliivaa mpaka wageni walipoanza kuingia. Hakuweza kuwapokea watu akiwa amefunikwa uso. Kila aliyeingia alimuuliza hali, na kila aliyeuliza alijibiwa, kwa ukamilifu, na kuulizwa ya kwake na ya watoto wake. Taha alipomrudishia barakoa alishukuru, akaivua tena alipoingia mwingine. Nerea alikuwa chumba cha upasuaji na mama mjamzito.

Baada ya swala ya adhuhuri wageni walipungua. Hamdun akalala. Ummu alimgusa mikono. "Ina moto," aliniambia, "mikono yake ina moto wa uhai. Alhamdulillah, tangu augue haijawa hivi." Uso wake ulikuwa na wekundu mzuri. Ummu alivuta pazia, akakaa mlangoni kuwanyamazisha watu.

Niliandika kwenye kundi: *Mpira umetolewa. Amezungumza. Oksijeni 96. Amelala usingizi mzuri.*

Majibu yalikuwa bado yanaingia Taha alipofika kumpima. Alimwita jina. Akamwita tena kwa sauti. Akamsugua kifuani kwa ngumi. Hamdun alifungua macho nusu, mikono ikapapatika kama ya mtu anayefukuza inzi, akafumba. Kibanio cha kidoleni kilikuwa kinasema 95.

Taha alipiga kelele kumwita Nerea. Alikuja akikimbia na mavazi ya upasuaji. Walituondoa. Nilisikia wakihesabu. Moyo ulisimama, wakaurudisha. Mpira umerudi kooni.

Usingizi mzuri. Ndivyo nilivyoandika.

Jumapili, 25 Mei

Kadi zimefika kwa ndege ya asubuhi. Mbingu ilikuwa safi kabisa. Nerea alipima damu aliyoitoa jana moyo uliporudi, aliyoiweka kwenye barafu bila kujua itapimwa au la. Mashine haikuipa namba ya hewa chafu. Iliandika tu kwamba imepita kiwango cha juu inachoweza kupima.

"Damu iliyokaa si ya kuaminika," alisema. "Lakini si ya kudanganya kiasi hiki. Hewa hiyo ndiyo iliyomlaza na kumpa mikono ya moto."

Hamdun hafungui macho.

Jumatatu, 26 Mei

Hafungui.

Jumanne, 27 Mei

Nimewaandikia jamaa kwamba hakuna mabadiliko. Mtu wa Maskati ameuliza oksijeni ngapi. Ni 98. Sikumjibu.

Alhamisi, 29 Mei

Hamdun amefariki baada ya alfajiri. Amezikwa adhuhuri. Mvua ilingoja.

Jumatatu, 2 Juni

Hitma ilisomwa jana. Leo Nerea alikuja nyumbani. Alivua viatu mlangoni, akajitanda mtandio alioazima kwa mtu, nadhani kwa mke wa Taha. Ummu amekaa eda, akampokea ndani. Nerea hakukaa kwenye kiti alichopewa, alikaa mkekani nasi.

Alisema alichokuja kusema. Kwamba mrija haukuwepo na kadi hazikuwepo, na hayo si ya kwake; lakini uamuzi ulikuwa wake. "Nilikosa kipimo, nikachukua neno la mgonjwa badala ya kipimo. Nilimuuliza mara mbili."

"Ulimuuliza swali moja mara mbili," nikasema.

Hakunielewa. Basi nikamweleza. Kwamba mkono ule kifuani si jibu. Ni adabu. Mtu wa hapa aliyechomwa jambia mgongoni ukimuuliza hali atasema njema, alhamdulillah, kwa sababu kulalamika kwa swali la kwanza ni kumlalamikia Mungu mbele ya mgeni. Kwamba yapasa ungoje, kisha umuulize juu ya kitu chenyewe: mguu, kifua, mtoto. Hapo ndipo atakwambia. Kwamba Hamdun mwenyewe alinijibu hivyo, mwezi wa Aprili, ameshika kizingiti.

Nerea akaniuliza, bila ukali, "Kwa nini hukuniambia? Nilikuuliza kama kuna jambo jingine."

"Kila mtu anajua."

"Mimi si kila mtu."

Kanuni ya kwanza ya kazi yangu ni kwamba jambo linalojulikana na kila mtu si habari. Nimeifuata mpaka kitandani kwa kaka yangu. Ni sisi tuliomtaka aache skrini amsalimie mgonjwa. Tukampa swali, hatukumpa na namna ya kulisikia jibu lake.

Ummu alinisogelea akanishika goti. "Siku yake ilikuwa imefika, wifi. Usijitie makosa." Kisha akamwambia Nerea, "Na wewe, mwanangu, kunywa kahawa, lakini ipowe kwanza, ni moto."

Ameelekea kumsamehe kila mtu. Mimi sijui kama msamaha ndio uliohitajika. Nerea alikunywa kahawa yote, na tende alizopewa akazila. Alipoinuka Ummu alimuuliza, "U hali gani wewe lakini?"

"Salama," Nerea akasema.

Ummu akangoja.

"Silali," akasema Nerea.

Ijumaa, 6 Juni

Idi. Hatukwenda popote. Famau ameleta nyama, akapindua mbao zote uani. Mbili zimepinda.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwenda Nuru kurudisha shuka zao. Mvua imeanza kuchoka. Kusi imeshika na njia zimekauka kwa upepo. Mirija mipya imefika, boksi zima. Taha alinionyesha kana kwamba mimi ndiye niliyeiagiza.

Kwenye kitanda cha Hamdun amelala Mzee Shukri, mchoma chokaa wa Pate, aliyeletwa hapa kwa boti kutoka gati la Mtangawanda wiki iliyopita. Mpira kooni, macho wazi. Walikuwa katika lile jaribio la kupumua mwenyewe. Skrini ilikuwa na namba zote, zote za kuridhisha, na mstari wenye pezi.

Sikutaka kuingia. Nerea aliniona mlangoni, hakuniita wala hakunifukuza. Aliinama.

"Wambaje, Mzee Shukri?"

Mzee aliinua mkono, akauweka kifuani.

Nerea hakumgeukia Taha. Alivuta kigoda akakaa. Aliushika ule mkono palepale ulipokuwa, akakaa nao kimya, kama mtu asiye na kazi nyingine siku hiyo. Kisha akauliza, "Na kifua chenyewe?"

Mzee Shukri alifumba macho. Akatikisa kichwa: hapana.

"Mrudishie mashine," Nerea akamwambia Taha. "Tutajaribu kesho."

Niliziacha shuka kwenye meza nikatoka. Nilipofika ufuoni nikayahesabu maneno ya swali lile, kwa mazoea ya kazi. Ni matatu. Nilikuwa nayo tangu Aprili.